Choo kimejaa, bomba kubwa halijafika: gari, pampu ya mkono, mtambo wa mtaa au mtandao mdogo?

Saa nane usiku, mwezi wa nne, masika inapiga bati mpaka redio ya chumba cha pili huisikii. Ukitega sikio katikati ya kelele hizo unasikia mtaimbo: ko, ko, ko, chuma kwenye tofali. Aliyekulia uswahilini Dar es Salaam haulizi ni nini. Kuna mtu anatapisha. Ametoboa ukuta wa shimo la choo upande wa mfereji, mvua inambebea mzigo hadi bondeni. Kukipambazuka mfereji ni mweusi, watoto wanauruka kwenda shule, na mama wa vitumbua anamwaga majivu mbele ya meza yake ili wateja wasikimbie.

Siandiki haya kumsema jirani. Nyumba ile ina vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja. Gari la kunyonya haliwezi kufika kwa sababu njia yenyewe watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Vijana tunaowaita vyura, wanaoshuka shimoni na ndoo, wanataka hela nyingi kwa kazi ambayo hakuna binadamu aliyestahili kuifanya. Mwenye nyumba anaona mvua inafanya kazi hiyo bure.

Siku hizi mazungumzo ya mtaa unaotunza mazingira huanzia juu ya ardhi: miti, taa za sola, mapipa ya kutenganisha taka. Mimi mwenyewe nimepanda miarobaini minne na naipenda. Lakini mwarobaini hauzuii kipindupindu, na mlipuko ule wa Agosti 2015 ulioanzia Dar es Salaam kabla ya kusambaa mikoani uliwakuta watu kwenye vivuli vizuri tu. Mtaa ukiwa na pesa ya jambo moja, naamini pesa hiyo ianzie chini, kwenye choo. Swali linalobaki ni njia ipi.

Nimekaa kwenye kamati ya mazingira ya mtaa wetu kwa miaka kadhaa, na njia nne ndizo zimekuwa zikibishaniwa mezani: gari, pampu ya mkono, mtambo mdogo wa kusafisha majitaka hapohapo mtaani, na mtandao mdogo wa mabomba. Nitazipima zote kwa swali moja kabla ya bei: kinyesi kinaishia wapi? Njia inayokitoa uani kwako na kukipeleka kwenye kisima cha jirani haijatatua kitu.

Gari la majitaka

Hili kila mtu analijua. Linakuja, linashusha mpira, linanguruma nusu saa, linaondoka na lita elfu kadhaa. Kwa nyumba yenye karo, yaani tangi la majitaka la chini ya ardhi, lililojengwa vizuri na barabara mlangoni, sioni haja ya kuhangaika na kingine. Ni haraka, hakuna mtu anayegusa uchafu kwa mkono, na jiji lina mahali rasmi pa kumwaga, yakiwemo mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na Kurasini.

Shida inaanza unapotoka barabarani. Mpira ukizidi mita 30 hivi nguvu ya kunyonya inapungua, na tope zito ndilo la kwanza kugoma. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Gari linaondoka na maji ya juu, na tope lililolala chini miaka mitano linabaki palepale. Mwenye nyumba anafurahi, baada ya miezi mitatu choo kinajaa tena, na yeye anadhani ameibiwa. Hajaibiwa, amenyonyewa maji.

Kuna hatari nyingine ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri. Mashimo mengi ya zamani yamejengewa kwa matairi au mapipa yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kwenye mchanga wenye maji karibu, kile kilichomo shimoni kinasaidia kuzuia kuta. Ukilivuta lote kwa mkupuo, udongo unasukuma kutoka nje na shimo linaporomoka. Nimeona choo kizima kikilala upande saa chache baada ya gari kuondoka. Aliyekuwa ndani alitoka dakika mbili kabla.

Na kinaishia wapi? Dereva akilipa bwawani, kinaishia pazuri. Bwawa likiwa mbali na foleni ikiwa ndefu, kishawishi cha kumwaga bondeni usiku ni kikubwa. Kampala walilielewa hili. Magari yalikuwa yakienda hadi Bugolobi, na mtambo wa Lubigi ulipofunguliwa 2014 upande wa pili wa jiji, ukipokea majitaka ya bomba pamoja na mzigo wa magari, safari ya madereva wengi ilifupika. Kwa hiyo ukiita gari, omba risiti ya bwawani kabla hujamaliza kulipa. Nusu ya malipo iibakize mkononi mpaka uione.

Pampu ya mkono

Jina lake ni Gulper. Aliibuni Steven Sugden, aliyekuwa London School of Hygiene and Tropical Medicine, na Dar es Salaam ni miongoni mwa miji ya mwanzo iliyoijaribu. Ni kitu rahisi mno: bomba la plastiki, valvu mbili, fimbo ndefu katikati yenye mshikio wa herufi T. Unavuta juu, tope linapanda. Unashusha, valvu inafunga lisirudi. Fundi vyuma wa mtaani akishaiona mara moja anaweza kuitengeneza ya kwake.

Niliwahi kukaa siku nzima na vijana watatu wanaofanya kazi hii, nikajifunza kwamba kupampu ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi. Walifika na guta lenye mapipa mawili ya plastiki. Walivaa buti za mpira, glovu ndefu, barakoa. Kabla ya kugusa pampu, kijana mmoja alitoa chuma kirefu kilichokunjwa ncha kama ndoano akaanza kuvua. Vipande vya kanga. Nepi. Chupa ya dawa ya kikohozi. Nepi tena. Kandambili, mguu mmoja. Wembe uliofungwa kwenye gazeti, ambao aliuweka pembeni kwa uangalifu kuliko vyote. Saa nzima na nusu ilipita wanavua tu, kisha wakamwaga ndoo kadhaa za maji, wakakoroga, ndipo pampu ikaanza. Mapipa yalijaa kwa dakika chache.

"Dada, waambie wapangaji wako," kijana yule aliniambia akinawa kwa sabuni, "choo si pipa la taka. Sisi hatulipwi kwa kuvua."

Faida kubwa ya njia hii, na inayosahaulika watu wanapolinganisha bei, ni kwamba unanunua kwa pipa. Ukiwa na hela ya mapipa manne, unatolewa mapipa manne. Gari halina nusu tripu. Kwa mwenye nyumba anayeishi kwa kodi za vyumba, kupunguza kidogo kidogo kila baada ya miezi michache kunawezekana kuliko kusubiri hadi apate hela ya tripu nzima, na kusubiri huko ndiko kunakozaa mtaimbo wa saa nane usiku.

Pampu ina mipaka yake. Inafika mita moja au mbili tu chini, kwa hiyo kwenye shimo refu tope la chini kabisa litabaki. Taka zikizidi haifanyi kazi. Na mkia wa njia hii ni guta: kulivuta lenye mapipa yaliyojaa kilomita mbili ni kazi, kilomita kumi haiwezekani. Pampu bila mahali pa karibu pa kumwagia inageuka kuwa kutapisha kwa hatua mbili. Kwa hiyo anayeuliza "tununue pampu ngapi?" nadhani ameanza na swali la pili. La kwanza ni guta litakwenda wapi.

Niongeze neno kwa wanaokaa mabondeni, ambako ukichimba mita moja unakuta maji. Kwenu pampu hii inafaa zaidi, kwa sababu mashimo yenu hayana budi kuwa mafupi na ya kupandishwa, yale yenye ngazi tatu nne hadi mlangoni. Kanuni ya kawaida ni kwamba sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 kutoka kisimani. Uswahilini hizo mita 30 hatuna. Basi jengeeni shimo kwa tofali na zege, lizibwe chini na pembeni, na mkubali kwamba litajaa mapema na litahitaji pampu mara kwa mara. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kunywa cha jirani.

Mbili za pembeni, kwa ufupi

Mashimo mawili yanayotumika kwa zamu, mfumo ulioenezwa India na shirika la Sulabh lililoanzishwa 1970, ni mzuri sana: moja likijaa linafungwa, la pili linatumika, na baada ya miaka miwili hivi lile la kwanza limekuwa udongo usiotisha. Lakini unataka uwanja na ardhi kavu. Pembezoni mwa mji ambako viwanja bado vina upana, ningewashauri watu walifikirie kabla ya lolote. Kwetu hakuna pa kuchimba hata shimo la pili.

Vyoo vya kopo, ambavyo chombo cha chini kinabadilishwa kila mara na kampuni inayopeleka kinyesi kutengenezewa mbolea, vimefanya kazi Nairobi, mtaa wa Mukuru, tangu 2011 kwa jina la Fresh Life. Vinategemea kabisa uwepo wa kampuni hiyo. Mtaa hauwezi kuvianzisha wenyewe, kwa hiyo siviingizi kwenye mizani.

Mtambo mdogo wa mtaa

Huu ndio uliowavutia wengi kwenye kamati, na ndio ninaouogopa zaidi, ingawa siukatai.

Walioueneza hapa kwetu ni pamoja na BORDA, shirika la Kijerumani lililoanzishwa Bremen 1977. Majitaka yanaingia chumba cha kwanza, mazito yanatuama. Yanapita vyumba kadhaa vinavyofuatana ambamo maji yanalazimishwa kushuka na kupanda, kila yanapopanda yanapita katikati ya tope lenye bakteria wanaoyala machafu. Halafu chujio la kokoto, mara nyingi lenye matete juu yake, kisha nje. Hakuna umeme, hakuna kemikali, hakuna mashine ya kuharibika. Maji yanayotoka yanaweza kumwagilia migomba na miti. Mchicha hapana, maana mayai ya minyoo ni magumu kufa na mchicha unaota ukigusa udongo.

Kama mtaa uko mbali na bomba lolote na mbali na mabwawa, mtambo huu unajibu swali la "kinaishia wapi" bila kupanda gari. Na kama guta za pampu ya mkono zinamwagia humo, njia mbili zinakuwa moja: pampu inakusanya, mtambo unapokea. Naona huo ndio mchanganyiko bora kwa mitaa ya pembezoni yenye msongamano.

Kinachonitia hofu ni ardhi na mwenyewe. Ardhi kwanza: eneo la wazi uswahilini likikaa miezi sita bila ukuta linaota fremu za biashara. Mkitenga kiwanja, hati au barua ya halmashauri ipatikane kabla ya tofali la kwanza. La pili ni zito zaidi. Mtambo usiohitaji mashine watu huutafsiri kuwa mtambo usiohitaji mtu. Si kweli. Lazima mtu aondoe mapovu na mafuta yanayoelea, aangalie kokoto hazijaziba, aite gari kuondoa tope la chumba cha kwanza kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mtu huyo analipwa na nani? Ikiwa jibu ni "wakazi watachanga", muulizeni mwenyekiti wa mtaa mchango wa ulinzi shirikishi ulikusanywa miezi mingapi kabla haujafa.

Mtambo ulioachwa hauonekani kuwa umekufa. Maji yanaingia na kutoka kama kawaida, ila yanatoka kama yalivyoingia.

Mtandao mdogo wa mabomba

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia watu wanayoijua kidogo kuliko zote na ndiyo inayoweza kufuta kabisa shimo la choo uani.

Tumezoea kuamini bomba la majitaka ni jambo la mjini kati: mtaro wenye kina kuliko mtu, barabara imefungwa, katapila, miaka minne. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji wa Natal, kaskazini mashariki mwa Brazili, wahandisi wakiwa na José Carlos de Melo walijiuliza swali jingine. Bomba linawekwa chini sana kwa sababu linapita chini ya magari mazito. Je, likipita uani, ambako hakuna gari? Katika mitaa ya Rocas na Santos Reis walipitisha mabomba membamba, nyuma ya nyumba na kwenye vichochoro, yakikusanya nyumba moja baada ya nyingine hadi kwenye bomba kubwa. Hesabu ya Natal ilionyesha kwamba palipo na watu zaidi ya 160 kwa hekta, mtandao huo unakuwa nafuu kuliko kila nyumba kuwa na shimo lake.

Fanya hesabu ya kwenu. Hekta ni mita 100 kwa 100, karibu uwanja mmoja na nusu wa mpira. Zikiwa humo nyumba 30 zenye watu wanane kila moja, hao ni 240. Mitaa mingi ya uswahilini inavuka mstari wa Natal bila jasho. Msongamano tunaoulalamikia kila siku, kwa jambo hili ndio mtaji wetu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Bomba la inchi nne. Mtaro unaoacha sentimita 40 za udongo juu ya bomba pasipopita gari. Mteremko wa 1 kwa 200, yaani kila mita moja bomba linashuka milimita tano, na mita 100 zinashuka nusu mita tu. Kila nyumba ina chemba ndogo ya tofali yenye mfuniko wa zege unaoweza kunyanyuliwa na watu wawili. Bomba likiziba, unafungua chemba mbili, unapitisha fimbo ya kuzibulia, umemaliza. Kazi ya kuchimba wanaifanya wakazi, ya kupanga mteremko anaifanya fundi anayejua, na hapo msifanye ubahili: bomba lililopinda tumbo mahali pamoja litaziba mahali hapohapo maisha yake yote.

Vingunguti wamefanya. Shirika la CCI (Centre for Community Initiatives) pamoja na vikundi vya akiba vya wakazi walitandaza mabomba ya namna hii kwenye vichochoro na kuyaelekeza kwenye mabwawa ambayo yalikuwa jirani yao siku zote. Fikiria hilo kidogo. Watu walikaa miaka mingi wakinusa bwawa la majitaka ya watu wengine, na vyoo vyao wenyewe havikuwa na njia ya kufika humo. Nairobi nako, baada ya Mukuru kutangazwa eneo maalum la kupangwa 2017, mabomba ya aina hii yakaingia kwenye mipango.

Nimesikia kwenye mikutano: "Hilo ni bomba la maskini, sisi tunataka la kweli." Brasília, mji mkuu wa Brazili, iliuchukua mfumo huu miaka ya 1990 na kuutandaza kwa wote, mitaa ya kipato cha chini na ya matajiri wenye bustani. Ni bomba la kweli.

Masharti yake lakini hayana mzaha. Maji kwanza: wataalamu wa mfumo huu hutaka walau lita 60 kwa mtu kwa siku ndipo bomba lijisafishe. Mtaa wa kununua maji kwa dumu utaziba, hata fundi awe bingwa. Pili, lazima kuwe na pa kuishia, yaani bomba kubwa, bwawa, au mtambo ule niliousema juu. Tatu, mama lishe na wakaanga chipsi lazima wajengewe vichemba vya kunasa mafuta kabla maji yao hayajaingia, kwa sababu mafuta yakipoa bombani yanageuka sabuni ngumu.

La nne ndilo litakalowashinda msipolisema mapema: maji ya mvua. Mvua ikijaza ua, mkono wa mtu unakwenda wenyewe kwenye mfuniko wa chemba. Anafungua, ua unakauka kwa dakika tano, na mchanga wote wa ua umeingia bombani. Mvua mbili kama hizo na mtaa mzima umeziba. Ndiyo maana mfereji wa mvua na bomba la majitaka vipangwe pamoja, hata kama hela ya mfereji itapatikana mwakani. Mtu mwenye njia ya kutoa maji ya mvua hana sababu ya kufungua chemba.

La tano ni ridhaa. Bomba linapita uani kwa mtu. Karachi, Pakistan, katika mtaa wa Orangi, mradi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 ulilimaliza hili kwa kufanya kichochoro kuwa ndicho mteja: nyumba 20 hadi 40 zinakaa, zinachagua kiongozi wao, zinachanga, zinachimba. Kichochoro kisichokubaliana hakijengewi, mpaka kikubaliane. Wakazi walibeba gharama ya choo chao na bomba la kichochoro chao, mamlaka ikaachiwa bomba kubwa na usafishaji. Mgawanyo huo naupenda, kwa sababu kila upande unajua mwisho wa wajibu wake uko kwenye chemba ipi.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa hela ya kuanzia, gari haligharimu mtaa kitu maana kila mtu anaita lake, pampu ya mkono inafuata kwa udogo, mtandao unataka mchango mkubwa mara moja, na mtambo ndio mzito kupita vyote. Kwa hela ya kila mwaka mpangilio unageuka: aliyeunganishwa na mtandao analipa kidogo pamoja na bili ya maji, anayetegemea gari au pampu analipa maisha yake yote, na kila akikosa hela mtaa mzima unajua kwa pua.

Nani analipa? Kwenye gari na pampu ni mwenye nyumba, ambaye huenda haishi hapo. Mpangaji ananusa, mwenye nyumba anakaa mbali. Kwenye mtandao mwenye nyumba analazimika kuja kikaoni, kwa sababu bomba linapita kwenye ardhi yake. Hilo peke yake limenisogeza upande wa mtandao.

Wakati wa masika, gari linanasa, guta linasuasua, mashimo ya bondeni yanaelea. Mtandao unaendelea kama umelindwa na maji ya mvua, na mtambo pia kama haukujengwa mahali panapofurika. Wakati wa ukame au mgao wa maji mambo ni kinyume: shimo halijali, mtandao unateseka.

Na usisahau gharama iliyojificha ya mtandao. Siku nyumba inapounganishwa, shimo la zamani halitoweki. Linatakiwa litolewe tope na kufukiwa, la sivyo mtoto au ukuta utazama humo siku moja. Weka hela ya pampu kwenye bajeti ya mtandao.

Ningeamuaje

Kama bomba kubwa au bwawa liko karibu, maji ya bomba yanatoka siku nyingi za wiki na watu mmebanana, nendeni kwenye mtandao, wala msipoteze muda na vingine. Kama maji ni ya dumu, mtandao usubiri: pampu ya mkono, mashimo yajengewe vizuri, na nguvu zenu za kisiasa ziende kwenye kudai maji. Kama maji yapo lakini kila kitu kiko mbali, na kuna ardhi yenye barua pamoja na mtu wa kulipwa kuitunza, mtambo. Kukikosekana kimojawapo kati ya hivyo viwili, msiujenge. Kama mna barabara na makaro mazuri, gari, na risiti.

Kwetu chemba ya bomba kubwa iko ng'ambo ya uwanja wa shule, mita 120 kutoka nyumba ya mwisho ya kichochoro chetu. Ubishi wa miezi miwili ulikuwa juu ya mteremko. Wengine waliapa kwamba uwanja ni tambarare, bomba litarudisha uchafu majumbani. Kwa kipimo cha 1 kwa 200 tulihitaji sentimita 60 za kushuka.

Jumamosi iliyopita fundi alikuja na mpira mwembamba usio na rangi, akaujaza maji, akatoa mapovu kwa kuugonga na kidole. Ncha moja akampa mzee wa nyumba ya mwisho, yule aliyekuwa akipinga kuliko wote. "Mzee, shikamoo, naomba unishikie hapa kwenye alama, usitikise." Ncha nyingine alikwenda nayo mpaka mpira ulipoishia, akapiga alama, wakasogea, wakarudia, hadi kwenye chemba. Watoto walifuata nyuma mstari mzima wakihesabu kwa sauti. Fundi alijumlisha kwenye kipande cha boksi kwa penseli yake nene, akakionyesha kwa mzee kwanza kabla ya kutuonyesha sisi.

Sentimita 74.

Mzee aliiangalia ile namba, akaangalia uwanja, akauliza bomba la inchi nne linauzwaje siku hizi.